Vipande laini vya oti na chokoleti: nunua oti zipi, utamu upi, kakao ipi

Vipande vya oti na chokoleti huharibikia dukani kabla hata oveni haijawashwa. Watu wananiambia vyao vimetoka vigumu kama kashata iliyopitiliza moto, au vimemomonyoka kama mchanga mara tu kisu kilipogusa. Nikiwauliza walivyopika, naona hawakukosea kitu. Nikiwauliza walinunua nini, hapo ndipo jibu linapopatikana. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kwenda nao sokoni. Mapishi yenyewe yako mwishoni na ni mafupi.

Kwanza tukubaliane tunatafuta nini. Kipande kizuri kinavutika mdomoni kama tende iliyoiva vizuri: meno yanazama, kinashikamana kidogo, halafu kinaachia. Kwa hilo vitu viwili ndivyo vinavyofanya kazi kubwa, oti na kile kitamu chenye kunata. Hela yako iweke hapo. Chokoleti ya bei mbaya haiwezi kuokoa oti zilizochoka.

OTI

Nianze na jina, maana linapoteza watu. Wapo wanaoziita shayiri, lakini shayiri ni nafaka nyingine, ile inayotengenezewa bia. Ukimwagiza mtu shayiri anaweza kukuletea kitu kisicho chako. Sema oti, na kwenye paketi soma neno linalofuata, kwa sababu oti hazifanani.

Punje za oti zikishakobolewa hupitishwa kwenye mvuke, kisha zinapondwa kwa roli hadi ziwe bapa. Ule mvuke si wa kulainisha tu. Oti zina mafuta mengi kuliko ngano au mchele, na ndani yake kuna vimeng'enya vinavyoyachachua mafuta hayo. Joto la mvuke huvizima, ndiyo maana paketi inaweza kukaa rafuni miezi. Na ule ute unaouona kwenye uji wa oti, utelezi kama wa bamia iliyopikwa kidogo, unatokana na nyuzinyuzi inayoitwa beta-glukani. Ute huo ukikutana na asali na siagi ndio unaovipa vipande mnato wake.

Nafasi ya kwanza nazipa oti bapa kubwa, zile zilizoandikwa "rolled" au "jumbo". Mimina kidogo kiganjani: kila moja utaiona ni duara karibu kamili, nene kiasi, ina mstari katikati. Zinabaki na umbo lake zikiokwa, na hizo ndizo unazozitafuna. Udhaifu wake ni kwamba zikiwa peke yake zinaacha nafasi katikati, na kipande kinaweza kuvunjika.

Nafasi ya pili ni oti za haraka, "quick". Hizi zilikatwa kwanza ndipo zikapondwa, kwa hiyo ni nyembamba, ndogo, na zina unga mwingi chini ya paketi. Zinanyonya unyevu upesi na kushikamana sana. Ukizitumia peke yake unapata kitu cha kufanana na keki nzito, kinachoshiba lakini hakina cha kutafuna. Ukizichanganya na zile kubwa, sehemu 2 za kubwa kwa sehemu 1 ya za haraka, umepata mchanganyiko ambao mimi sijaona unaoushinda. Kama mfuko wako unaruhusu paketi moja tu, nunua kubwa, kisha chukua theluthi yake uisage kwenye blenda kwa sekunde chache tu.

Nafasi ya tatu, kwa mbali, ni vile vipakiti vidogo vya uji wa papo hapo vyenye ladha ya ndizi au vanila. Sehemu kubwa ya bei unalipia sukari na karatasi. Fanya hesabu ya kilo uone: gawa bei kwa gramu, zidisha kwa 1,000. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi nikiwa nimesimama mbele ya rafu, na kila mara vipakiti hivyo vimetoka ghali kuliko paketi kubwa iliyo pembeni yake.

Ya mwisho ni zile za kukatwa bila kupondwa, "steel cut". Kwa uji wa asubuhi ni tamu, zina ladha kama ya njugu. Kwenye vipande hubaki ngumu kama changarawe, kwa sababu mchanganyiko wetu hauna maji ya kuzilainisha. Ziache.

Kuhusu kununua za kupima kutoka kwenye gunia au ndoo: inawezekana, ila nusa kwanza. Mwaka juzi nilinunua kilo 2 hivyo kwa sababu ya bei, nikaoka sinia zima la hafla ya watoto. Vipande vilitoka vizuri kwa macho, lakini kila aliyeonja alisita. Ulikuwa ule uchungu wa karanga zilizokaa muda mrefu, unaobaki nyuma ya ulimi hata baada ya maji. Nilimwaga vyote. Iliniuma, maana siagi na asali vilikwenda pamoja na oti za bei rahisi. Tangu siku hiyo natafuna oti chache mbichi kabla ya kulipia, na muuzaji asiyetaka nionje namwachia mzigo wake. Oti nzuri inanukia kama majani makavu, na ukiitafuna ina utamu wa mbali. Kwa za paketi, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na uchague iliyo mbali. Ukifika nyumbani, hasa kama unaishi pwani kwenye joto na unyevu, ziweke kwenye friza siku 3 au 4 kisha uzihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Baridi ile inamaliza wadudu waliokuja nazo.

UTAMU

Hapa ndipo ninapobishana sana na marafiki zangu.

Sukari nyeupe peke yake naiweka mkiani kabisa. Ikipoa inarudi kuwa chembe, na kipande kinakuwa cha kuvunjika badala ya kuvutika. Aliyewahi kupika kashata anajua: sukari ikipata moto wake inaganda, na kashata inataka hivyo. Sisi tunataka kinyume, kwa hiyo tunahitaji kitu kinachoizuia sukari isigande.

Kitu hicho ni asali, na nafasi ya kwanza ni yake, ikishirikiana na sukari ya kahawia. Asali ina glukosi na fruktosi. Sukari hizi mbili zinaivuruga ile ya miwa isijipange kuwa chembe, na fruktosi huvuta unyevu na kuushikilia. Ndiyo maana kipande chenye asali siku ya 3 bado ni laini. Kwa Tanzania, asali ya misitu ya miombo ya Tabora na maeneo jirani ni nyeusi kiasi na ina ladha nzito, na ladha hiyo inaendana na kakao kuliko asali nyepesi. Ukiikuta imeganda kwenye chupa usiikatae. Asali halisi huganda, na inarudi majimaji ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Yale majaribio ya kuwasha kiberiti au kuidondosha kwenye glasi ya maji usiyategemee, hayathibitishi chochote. Nunua kwa mtu unayemjua au chupa yenye alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Na kipande chenye asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvimudu, hata ikiwa imeokwa.

Nafasi ya pili, tende. Pwani tumezizoea, na ukitoka Ramadhani huwa zimebaki nyumbani. Nunua zile laini zinazong'aa. Zile kavu zilizokunjamana ni ngumu kuzisaga. Toa kokwa, loweka kwenye maji ya moto dakika 10, chuja vizuri, saga. Vipande vyake vina mnato mzuri mno na rangi ya kuiva, ila vinahitaji chumvi kidogo zaidi, na havikai muda mrefu kama vya asali.

Nafasi ya tatu ni sukari guru. Ina ule uzito wa molasi ambao kakao inaupenda, na bei yake inavumilika. Shida ni kwamba bonge moja halifanani na lingine: moja lina unyevu, jingine limekauka kama jiwe, na mara nyingine unakuta mabaki ya miwa. Ikwangue, iyeyushe kwa maji vijiko 2, ichuje kwa kitambaa. Ukiwa na subira inakulipa.

Kuna na sharubati ya dhahabu ya Uingereza, "golden syrup". Wenzetu wa huko huitumia kuokea vipande vyao vya oti wanavyoviita flapjack, na kwa mnato tu sina cha kuipinga. Kama una ndugu London anayekuja likizo, mwambie akubebee kopo. Hapa kwetu inapatikana kwenye maduka machache na kwa bei ambayo siwezi kuitetea mbele ya asali, kwa hiyo naiweka ya nne. Maziwa mazito matamu ya kopo yanafuata. Yanatoa kipande laini, lakini ladha ya maziwa inafunika ile ya oti.

KAKAO NA CHOKOLETI

Nunua kakao ya unga isiyo na sukari iwe msingi wa ladha, kisha chokoleti kidogo ya kukatakata. Mpangilio huo unashinda kuyeyusha chokoleti nyingi, kwa bei na kwa ladha. Jihadhari na kopo la chokoleti ya kunywa. Linakaa rafu moja na kakao, rangi zinakaribiana, lakini soma viambato: kama neno la kwanza ni sukari, basi umeshika sukari yenye rangi. Kakao ya kweli haina sukari kati ya viambato vyake.

Utakuta aina mbili. Moja ni nyepesi ya kuelekea wekundu, chachu kidogo. Nyingine ni nyeusi, imepunguzwa uchachu, njia iliyoanzia Uholanzi karne ya 19. Kwenye keki yenye magadi tofauti hiyo ina maana. Kwenye vipande vyetu hakuna cha kuumuka, kwa hiyo chukua unayoipenda. Mimi napenda ile nyepesi, inaamsha asali. Tanzania kakao yetu nyingi inalimwa Kyela, Mbeya, na ukikuta unga uliosagwa hapa nchini kutokana na kakao hiyo, nakuomba uujaribu.

Kuhusu chokoleti ya vipande, tazama hali ya hewa ya kwako. Siagi ya kakao inayeyuka karibu na nyuzi 34, ndiyo raha yake mdomoni, na ndiyo shida yake kwenye begi la shule Dar es Salaam mwezi wa pili. Usiimwage juu kama zulia, ichanganye ndani. Zipo chokoleti za kuokea ambazo siagi ya kakao imebadilishwa na mafuta ya mimea. Ladha yake inabaki kama nta kwenye paa la mdomo, siipendi, lakini kwa safari ya joto hazichafui nguo. Ukienda nayo, nenda ukijua.

MAFUTA

Siagi halisi kwanza. Majarini inafaa kama ina mafuta asilimia 80 au zaidi. Zile laini za kupaka mkate zenye asilimia ndogo zimejaa maji, na maji yale ndiyo yanayofanya vipande vikatike vibaya. Namba imeandikwa ubavuni mwa kopo. Mafuta ya nazi nayapenda sana, lakini yanayeyuka nyuzi 24, maana yake pwani yako majimaji mchana kutwa, na kipande kinaacha vidole na mafuta. Wa Arusha, Lushoto au Limuru wanaweza kuyatumia bila wasiwasi.

SASA KUOKA

Kwa sinia la sentimita 20 kwa 20: oti gramu 300 (200 kubwa, 100 za haraka), siagi gramu 150, sukari ya kahawia gramu 100, asali vijiko vikubwa 6, kakao vijiko vikubwa 4, chumvi nusu kijiko cha chai, chokoleti gramu 100.

Yeyusha siagi, sukari na asali kwa moto mdogo. Zikishaungana, epua. Zikichemka na kutoa mapovu makubwa umeshaingia njia ya kashata, na hakuna kurudi. Koroga kakao na chumvi, mimina oti, geuza hadi kila moja iwe na rangi. Subiri mchanganyiko upoe kiasi cha kugusika ndipo utie chokoleti, la sivyo itayeyuka yote. Tandika karatasi ya kuokea, mimina, kandamiza kwa nguvu kwa mgongo wa kijiko, hasa pembeni.

Oveni nyuzi 170, dakika 20. Kwa jiko la mkaa, palia: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na uanze kuchungulia dakika ya 15. Epua wakati pembeni pameanza kukauka na katikati bado panabonyea. Utahisi hakijaiva. Kiache. Kinashika kikipoa, na dakika 5 za ziada ulizokiongezea kwa wasiwasi ndizo zinazokigeuza jiwe.

Pitisha kisu kuchora mistari kikiwa bado cha moto, ukate kabisa baada ya saa 2. Kisu kikitoka na utepe mwembamba wa kahawia unaovutika kidogo kabla ya kukatika, umenunua vizuri.