Dokumentari tatu na makaburi matatu: leo sichambui kamera

Haya, wadau, hamjambo? Karibuni tena. Leo sina lenzi mkononi wala maiki mpya ya kufungua kwenye boksi, na wale mliokuja kwa ajili ya zile taa za bei nafuu za kule Mtaa wa Luthuli, Nairobi, mtanisamehe, hizo ni wiki ijayo. Leo bidhaa ni filamu. Dokumentari tatu, zote zina mwanamke kwenye kiti cha mwongozaji, zote ni za siasa na haki za watu. Nitawaambia ipi inastahili bando zako, ipi uione ukiwa na mzazi kando yako, na ipi usiitazame usiku kama kesho yake una kazi.

Kwa wageni: mimi hupiga video za harusi na mazishi. Siku hizi mazishi zaidi. Tangu korona, hakuna familia inayozika bila kurusha moja kwa moja, kwa sababu kuna mjomba Doha na binamu Minnesota, na wote wametuma mchango kwa M-Pesa na wanataka kuona. Kwa hivyo nikitazama dokumentari, jicho langu huenda pale ambapo la mwingine halifiki. Mjane alipoanza kulia, mwenye kamera alisogea au alirudi nyuma? Yule mzee alipokwama katikati ya sentensi, walimkata? Nimezipima hizi tatu hivyo hivyo. Na kilichoziunganisha kwangu si kwamba wenye kuziongoza ni wanawake. Ni kaburi. Kila moja ina kaburi ambalo halijatulia.

Tuanze na nzito. Inaitwa Scarred: The Anatomy of a Massacre, ya Judy Kibinge, 2015. Ni habari ya mauaji ya Wagalla. Kama ulisoma historia ya shule ukapita mtihani bila kulisikia hilo jina, usijilaumu, hata mimi nililipata nikiwa mtu mzima. Februari 1984, wanajeshi walikusanya wanaume wa Degodia, ukoo wa Wasomali wa Kenya, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje kidogo ya mji wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Wakawekwa pale juani siku kadhaa. Wajir, Februari, bila maji. Wengi walivuliwa nguo. Kuna waliouawa kwa risasi, kuna waliokufa kwa kiu na kipigo. Serikali ikasema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, kwenye ripoti yake ya 2013, ikasema wanakaribia 1,000. Ukimuuliza mwenyeji atakwambia hata hiyo elfu ni ndogo.

Sasa niwaambie kitu cha kazi yangu. Kwenye mazishi, mimi ndiye ninayeandika jina la marehemu kwenye skrini. Jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, na picha yenye ua la waridi pembeni. Mwaka juzi niliandika jina la mzee mmoja nikaruka herufi moja. Herufi moja tu. Saa tano usiku shangazi wa familia ananipigia, halii, anafoka: "Wewe msichana, umemzika nani?" Nilirudia kazi yote usiku huo, nikapakia upya saa tisa alfajiri. Nilipofika kwenye hesabu ya waliokufa katika filamu ya Kibinge nikasimamisha, nikatoka nje kwenye ngazi za ploti. Kati ya 57 na 1,000 si herufi iliyorukwa. Ni watu zaidi ya mia tisa ambao hakuna shangazi aliyepewa namba ya kumpigia mtu usiku.

Na angalia tatizo la mwongozaji hapo. 1984 hakukuwa na simu kwenye mfuko wa mtu. Picha ya tukio huna. Utaonyesha nini? Kibinge amechagua nyuso. Walionusurika wanakaa, wanasimulia, na wewe unakaa nao. Mimi kila wiki naombwa na familia, "hapo mama alipokwama, toa." Natoa, ndio pesa yangu. Ila kwenye hii, kule kukwama ndiko ushahidi ulipo. Mtu anapofika kwenye habari ya maji, ya ile kiu, anameza mate, ananyamaza, na wewe unajua anakumbuka nani. Kwa upande wa ufundi, sauti ni safi, na kwenye masimulizi mimi nikisikia upepo kwenye maiki huwa naacha kuamini.

Lawama yangu kwa hii ni ile niliyo nayo kwa zote tatu: tafsiri. Nakala nilizoziona mimi zina maandishi ya Kiingereza chini. Mama yangu anasoma Kiswahili vizuri sana, Taifa Leo anaimaliza na matangazo ya vifo, lakini Kiingereza kinachopita kwa sekunde mbili hakifuati. Sasa mtu anasimulia kwa Kisomali mambo aliyofanyiwa na serikali ya Kenya, na Mkenya anayetazama anahitaji Kiingereza ndipo amwelewe. Nani alisema Kiswahili si lugha ya kutafsiria? Kibinge ndiye aliyeanzisha Docubox, ule mfuko unaosaidia watengenezaji dokumentari wa Afrika Mashariki, kwa hivyo ombi langu najua pa kulipeleka.

Ya pili. Our Land, Our Freedom, 2023, ya Meena Nanji na Zippy Kimundu. Nyote mnaijua ile sanamu ya Mtaa wa Kimathi, bunduki mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Imesimama pale tangu 2007. Tunapangiana miadi pale, "niko kwa Kimathi, uko wapi?" Nimewahi kusimama chini yake dakika arobaini nikingoja mteja ambaye hakuja. Lakini mwenyewe Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopigana na wakoloni Waingereza, alinyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa bila alama yoyote, na hadi leo familia haijaonyeshwa mahali. Shaba tunayo katikati ya jiji, mifupa hatuna. Filamu inamfuata Wanjugu, binti, kwa miaka mingi akiitafuta hiyo mifupa, na Mama Mukami, mjane, akiwa bado hai.

Hii niliitazamia kwenye ukumbi fulani ambao sitautaja. Projekta ilikuwa imewekwa vibaya, ikakata sehemu ya chini ya picha yote. Yaani maandishi ya tafsiri yako ukutani nyuma ya kiti, hayasomeki. Wazee kwenye filamu wanaongea Kikuyu. Vijana wawili nyuma yangu, mmoja kwa lafudhi ni wa kwetu Magharibi, wakaanza kunung'unika. Basi kuna mzee alikuwa ameketi kwenye safu yao, kofia ya sufu, fimbo katikati ya magoti. Akainama, akaanza kuwatafsiria kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya chini. "Anasema hawajapewa shamba." Kimya. "Anasema mkewe amekufa wakingoja." Kimya. Halafu kuna mahali yule mzee wa kofia akanyamaza kabisa, na mmoja wa wale vijana akamuuliza, "Mzee, amesema nini hapo?" Akajibu, "Hapo amesema ukweli." Hakuongeza. Mimi sielewi Kikuyu, kwa hivyo hadi leo sijui kilisemwa nini pale, na sina haja ya kutafuta.

Kama filamu, ina mizigo mingi kichwani. Inatafuta mifupa, inadai ardhi, na inaeleza ukoloni kwa mtu wa Ulaya ambaye hajui Mau Mau ni nini. Ule mzigo wa tatu ndio unaoniudhi, kwa sababu unakula dakika ambazo ningekaa na wale wapiganaji wazee wasio na hati ya shamba. Ardhi inaanza kama habari ya pembeni, kisha inameza kila kitu, na nadhani ni haki yake. Oktoba 2019, kama mnakumbuka, zilienea habari kwamba kaburi limepatikana Kamiti, watu wakashangilia, halafu serikali ikakana. Ukiitazama filamu ukiwa unakumbuka lile vuguvugu la siku mbili, utaelewa uchovu ulio kwenye nyuso zao. Mama Mukami alifariki Mei 2023, filamu ikatoka mwaka huo huo. Akazikwa Njabini bila mume wake. Yale mazishi yalirushwa moja kwa moja, nami niliyatazama, na nakiri nilianza kwa kuhesabu kamera.

Hii tazama na mzazi. Mzazi ataongea juu ya filamu, usimnyamazishe.

Ya tatu nitaipitia haraka, si kwa ubaya. No Simple Way Home, 2022, ya Akuol de Mabior. Huyu ni binti wa John Garang, aliyeongoza vita vya ukombozi vya Sudan Kusini, na amekulia hapa hapa Nairobi. Mkataba wa amani wa Sudan ulitiwa sahihi hapa, Uwanja wa Nyayo, Januari 9, 2005. Julai ya mwaka huo huo Garang akaapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, na baada ya wiki tatu akafa kwenye ajali ya helikopta. Filamu inamfuata mama, Rebecca Nyandeng, anaporudi Juba na kuapishwa mmoja wa makamu wa rais wa Sudan Kusini, 2020. Hapa kaburi lipo, linajulikana, lina heshima zake zote. Lisilotulia ni ile nchi iliyojengwa juu yake.

Picha ni nzuri mno. Huyu dada ana jicho. Anasimulia kwa sauti yake mwenyewe, ya chini, kama mtu anayeongea na wewe jikoni wengine wamelala. Tatizo ni lile ungelitarajia: mama ni mama. Mwanasiasa mkubwa ameketi mbele ya kamera, watu wa nchi yake wamefukuzwa makwao na mafuriko na vita, na swali gumu linakaribia mdomoni kisha linarudi. Ningekuwa mimi ningemuuliza mama yangu? Mimi hata bei ya kuku aliyonunua Krismasi sijathubutu kumuuliza. Lakini mimi sijatengeneza filamu. Kwa hiyo nampa nane kwa picha, sita kwa maswali. Scarred siipi namba. Nimesema sababu, namba zimeshatumika vibaya pale. Our Land naipa saba, na yule mzee wa kofia ya sufu nampa kumi.

Kuna mtu atauliza, mbona sasa? Siku hizi kila mtu ana kamera, Juni 25, 2024 tuliona waandamanaji wakivamia Bunge, moja kwa moja kwenye simu. Ndiyo, tuliona. Na Desemba ya mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikasema watu 82 walikuwa wametekwa tangu Juni, 29 hawajulikani walipo. Yaani picha tulikuwa nazo, na bado kuna mama anayezunguka mochari. Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa hapa Nairobi wakidaiwa kuhusika na dokumentari ya BBC juu ya waliopigwa risasi nje ya Bunge. BBC wenyewe wakasema hawa hawakuhusika. Kwa hiyo ukiona mtu ametumia miaka kumfuata mjane mmoja, jua analipa kitu ambacho hakiko kwenye bei ya tiketi.

Pa kuzipata: fuatilieni Docubox, tembeleeni Alliance Française na Goethe pale katikati ya jiji, mara nyingi huonyesha dokumentari za kwetu, na Unseen, ukumbi wa sinema kule Kilimani. Ukifika mapema, angalia kama chini ya picha imekatwa, uwaambie kabla taa hazijazimwa.

Na kama unajua Kisomali na Kiswahili vyote viwili sawasawa, niandikie hapo chini. Kuna kitu nataka kujaribu, lakini kwanza nikaombe ruhusa ya wenye filamu. Kesho niko Lang'ata saa nne, familia imelipa kamera mbili. Ngoja nikaangalie kama betri zimejaa, stima ilipotea mchana.