Arkham Horror: The Card Game: tochi iliyokwisha bado ni mali

Waliozoea karata za kufungana watashangaa: humu wachezaji wote wako upande mmoja, na adui ni bunda lenyewe. Kila raundi unafunua karata ya balaa na kufanya inavyosema. Ndiyo maana maneno yake yana uzito. Kwenye karata za kawaida mpinzani ndiye atakayekubishia. Hapa wote mnataka kushinda, kwa hiyo sentensi yenye utata kila mtu anaivutia kwenye nafuu.

Kanuni za mchezo zina dawa, na hapo ndipo nilipoupenda. Mkikwama kwenye mgongano wa maelezo na jibu hamlioni, mnachukua tafsiri iliyo mbaya zaidi kwenu wakati ule, mchezo unaendelea. Ubaya ni kwamba watu huikimbilia dawa hii kabla ya kusoma.

Nyumbani kwetu Mwanga, hapa Kigoma, ubishi mkali kuliko wote ulizushwa na Crypt Chill, mojawapo ya karata za balaa. Karata hiyo inapima nia ya mhusika wako, yaani uthabiti wa moyo wake, kwa kiwango cha 4. Ukishindwa, chagua mali moja unayoimiliki, yaani karata ya kukusaidia iliyo mezani mbele yako, uitupe, na kama huwezi, pokea majeraha 2. Wifi yangu mbele yake alikuwa na Flashlight peke yake, tochi inayokuja na matumizi 3, na yote yalikuwa yamekwisha. Akaitupa. Mwanawe akaja juu: “Shangazi, tochi iliyokwisha si mali hiyo! Tuchukue lililo baya. Mama apokee majeraha.”

Nikamtolea karata nyingine ya mali, First Aid. Hiyo nayo ina matumizi 3, lakini imeandikwa waziwazi kwamba yakiisha, itupwe. Flashlight haina maneno hayo. Basi inabaki mezani, tupu, na ni mali ya mwenyewe mpaka kitu kingine kiiondoe. Wifi alikuwa na haki kabisa. Mahali ambapo karata moja imesema na nyingine ikanyamaza, huo ukimya nao ni jibu, na mimi naona wabunifu, Nate French na MJ Newman, waliandika kwa uangalifu huo karibu kila mahali.

Vilevile pasipo utata, msijitese. Adui akiwa na shabaha mbili zilizolingana, kanuni zinampa kiongozi wa wachezaji uamuzi; achague iliyo nafuu bila kuona haya.

Lawama yangu ni vijitabu viwili. Cha kujifunzia ni chepesi, ila majibu ya ubishi yako kwenye kile cha pili, kilichopangwa kialfabeti kama kamusi. Wekeni hicho mezani tangu mwanzo.

Kama mko wanne, tafuteni sanduku la mwaka 2021, maana lile la 2016 linatosha wachezaji 2 tu. Karata zina maandishi mengi, madogo, yote ya Kiingereza, hivyo anahitajika angalau msomaji mmoja mvumilivu, na taa nzuri.