AO3 kwa msomaji wa Kimara: nyota nne, ya tano iko kwenye maoni

Nauza vitenge Kariakoo na naishi Kimara, kwa hiyo muda wangu wa kusoma ni wa ndani ya mwendokasi, asubuhi kwenda Gerezani na jioni kurudi, nikiwa nimepata kiti au nimebanwa mlangoni. Ninachosoma ni hadithi za mashabiki. Mtu kaangalia tamthilia ya Kikorea, mwisho haukumridhisha, kakaa chini kaiandika upya: yule kaka aliyekufa kafufuka, kaoa, na mama mkwe kashikishwa adabu. Nazisomea kwenye tovuti ya Archive of Our Own, ambayo kila mtu anaiita AO3. Wanaonijua huniuliza kama inaizidi Wattpad, ile tovuti nyingine ya hadithi, au yale magrupu ya hadithi ya WhatsApp. Kwa kusoma, inaizidi mbali. Kwa msomaji kumwambia mwandishi neno, hapo tutaongea.

Sifa kwanza, maana inazistahili. Hakuna tangazo hata moja. Imefunguliwa kwa umma tangu 2009, inaendeshwa na shirika la mashabiki wenyewe lisilotafuta faida, kwa michango na nguvu za watu wanaojitolea. Mwaka 2019 ikapewa tuzo ya Hugo, ambayo ni tuzo kubwa ya hadithi za kubuni za kisayansi na kifantasia. Kuchuja kwake ni raha: unachagua tamthilia, wahusika, urefu, iliyokwisha au inayoendelea. Lebo, yaani maneno ya kuitambulisha hadithi, mwandishi anaziandika anavyopenda, halafu wapo watu wa kujitolea wanaoziunganisha, ili mhusika mwenye majina matatu asikupoteze njia. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha, ingawa hadithi zake ni za kutafuta kwa tochi. Na kila kazi unaweza kuipakua ikawa EPUB au PDF, ukaisoma bila intaneti. Mimi napakua kwa bando la usiku.

Sasa kwenye kupakua huko ndiko maoni yanakofia. Nimefika kituo cha Fire, sura imenitoa machozi, abiria wa pembeni anajifanya hanioni, na data nimezima. Nyuma ya faili kuna mstari unaokuomba upite kwenye tovuti umwambie mwandishi kama umeipenda kazi yake. Nitapita saa ngapi? Nikishuka nakutana na mteja anayetaka kitenge cha sare ya harusi cha watu arobaini, anataka na punguzo. Jioni niko kwenye hadithi nyingine. Yule mwandishi hatajua kamwe kwamba kuna mtu Dar aliyefuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Wattpad hapa wamemjua msomaji vizuri. Kule unaweka maoni kwenye aya yenyewe. Kaka akimshika dada mkono, papo hapo watu wanapiga kelele, "Jamani!" Mengi ni makelele tu, siwezi kudanganya, na mimi nikisoma huwa nayaficha. Lakini mwandishi anaondoka akijua sentensi ipi imemchoma mtu. AO3 sanduku la maoni liko chini kabisa ya ukurasa, na hisia nyingi hazifiki huko.

Halafu AO3 kuna kile kitufe cha Kudos, yaani pongezi. Unabonyeza, moyo unahesabiwa, umemaliza. Hata mgeni asiye na akaunti anaruhusiwa. Ni kizuri kwa mtu mwenye haya, ila kinamtuliza msomaji mapema mno, anajiona ameshashukuru. Kinachokiokoa ni kwamba ni kimoja kwa hadithi nzima, si kwa kila sura. Ukifika sura ya ishirini, umepagawa, ukabonyeza tena, unaambiwa ulishatoa. Basi uandike au unyamaze. Komenti zangu ndefu karibu zote zimezaliwa hapo, kwa kukosa kitufe.

Magrupu ya huku kwetu yanalijua jambo hili bila kusomea. Mwandishi anatupia sehemu ya kumi na mbili, anaikata mlango unapogongwa, anaandika: komenti mia ndipo niachie inayofuata. Ukitaka yote kwa mkupuo, tuma buku mbili. Watu wanalalamika, wanamwita mwenye njaa, na bado komenti zinafika: "next", "endelea dada", "usituue". Hizo si tathmini, ni ada ya mlangoni. Lakini zinaonyesha kitu ambacho nakiona hata AO3: msomaji anafungua mdomo anapoamini neno lake litaisogeza hadithi. Inayoendelea inabishaniwa kila wiki, nani kamsaliti nani. Iliyokamilika, hata iwe bora mara tatu, inamezwa usiku mmoja kimyakimya. Na nikikuta maoni mia tisa tayari yapo, yangu ya nini? Kwenye hadithi yenye maoni mawili naandika aya nzima.

Kwetu kuna na hili la Kiingereza. Rafiki zangu wengi wanakisoma bila shida, kukiandika mbele ya wageni ndiyo kazi. Nilikuwa hivyo hivyo, mpaka mwandishi mmoja aliyejitambulisha kuwa yuko Brazil akanijibu, akaniambia naye Kiingereza ni cha shule, akaniuliza kwa nini namchukia yule mama mkwe. Tukabishana sura kadhaa. Tangu siku ile kabla sijaandika naangalia kwanza kama mwandishi huwa anajibu. Asiyejibu namwachia Kudos, tusisumbuane. Na asiyependa kukosolewa huwa anasema mwanzoni. Mheshimu, maana huyu hakuchukua hata jero yako.

Kwa anayetaka kujaribu: kusoma hakuhitaji akaunti, ila baadhi ya waandishi wamefungia kazi zao kwa waliojisajili tu, na wengine wamezuia maoni ya wageni. Akaunti ni bure, inapatikana kwa mwaliko: unaacha barua pepe, unasubiri zamu yako. Hawana programu rasmi ya simu, kwa hiyo unafungua kwenye kivinjari cha kawaida, na ukurasa ni mwepesi hata kwa simu ya zamani. Ukishaingia, jisajili kupata taarifa za hadithi unayoifuata ili sura mpya ikujie kwenye barua pepe. Hiyo usiipakue. Isome mtandaoni, sanduku la maoni likiwa karibu.