Feni ya chumba cha uyoga Lamu: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Ukinunua feni ukidhani itakipoza chumba, utarudi dukani. Feni haizalishi baridi, hubadilisha hewa tu. Joto la kaskazi likiwa nyuzi 32 nje, hata feni iwe na nguvu kiasi gani itakujazia chumba hewa ya nyuzi 32. Ile hila ya kutundika kitambaa kibichi mbele ya feni huwafaa watu wa penye hewa kavu. Hapa kisiwani hewa imeshashiba maji, kitambaa hakikauki, utapata ukungu bure. Baridi yetu iko kwenye nyumba yenyewe: chumba cha chini, cha ndani, chenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Mifuko yako ya uyoga iweke hapo, feni uifanyishe kazi zaidi usiku.

Kazi yake ni ipi basi? Uyoga unapumua kama sisi na kutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikijaa utaiona kwa macho: mashina yanarefuka, vikofia vinabaki saizi ya kifungo cha kanzu. Pia uyoga wa chaza ukikomaa hutoa vumbi jeupe laini. Ukilivuta kila siku litakuletea kikohozi na kifua kubana. Kwa hiyo hewa itolewe nje ya nyumba, isimwagwe uani wanakolala watoto.

Pima chumba kabla ya kuuliza bei. Changu ni mita 3 kwa 3, kimo 2.5, yaani mita za ujazo 22.5. Nataka hewa ibadilike kama mara tano kwa saa, basi nahitaji feni ya kutoa karibu mita za ujazo 113 kwa saa. Kwenye boksi wengi huandika CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika. Zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa. Halafu ikate nusu, maana namba ya boksi imepimwa feni ikiwa wazi, bila wavu wa kuzuia vijidudu wala bomba lenye kona.

Chaguo langu la kwanza ni feni za kompyuta za volti 12, zile za upana wa sentimita 12. Nyingi ni za plastiki, kwa hiyo chumvi ya bahari haina chuma kingi cha kula. Mafundi wa kompyuta huwa nazo kuukuu, na moja ikifa unabadilisha hiyo moja. Nne zenye ampea 0.3 kila moja hula wati 14 hivi, yaani theluthi ya yuniti ya tokeni kwa siku nzima. Zinakwenda kwa betri ya sola pia. Ila usiziunge moja kwa moja kwenye paneli: paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa hadi 18 au zaidi jua likiwaka.

Kuunga ndipo watu wanapokosea, nami nilikosea. Nilizifunga mbili kwa mkia, waya mwekundu wa moja kwenye mweusi wa nyingine. Moja ilizunguka kivivu, ya pili ikatetemeka tu, kwa kuwa volti 12 zilikuwa zimegawanywa. Nyekundu zote ziende pamoja kwenye chanya, nyeusi zote pamoja kwenye hasi. Waya wa tatu wa njano ni wa kutoa habari ya mwendo. Uzibe ncha, uache. Kisha jumlisha ampea: nne mara 0.3 ni 1.2, basi nunua adapta ya ampea 2 isichemke.

Ya pili ni feni ya bomba ya inchi 4. Nunua hii ikiwa chumba hakina dirisha na hewa lazima isafiri mita kadhaa. Feni ya kompyuta haina msukumo huo, ndani ya bomba refu hujizungukia tu. Kama uko Mji wa Kale, ambao umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, usitoboe ukuta. Weka ubao dirishani upitishe bomba hapo. Na usiipunguze mwendo kwa swichi ya kufifisha taa. Itanguruma, mota ichemke.

Feni ya bafu naiweka ya tatu: imezoea unyevu na ni rahisi kufunga, lakini msukumo wake ni mdogo. Ya kusimama haitoi hewa nje, inaikoroga tu. Ya wati 40 ikikesha na kushinda ni kama yuniti moja kwa siku. Nzuri kwa kukausha uyoga uliovunwa.

Ya mwisho ni ile ya chuma ya inchi 12, ya jikoni hotelini. Usishawishike na ukubwa. Itakausha vikofia vipasuke kingo, na kutu itaanza kwenye skrubu kabla hujavuna mara mbili.

Feni yoyote ya volti 240 iungwe na fundi wa stima mwenye leseni. Hudhurungi ni waya wa moto, buluu ni wa kurudi, wenye kijani na njano pamoja ni wa ardhi. Swichi ikae nje ya chumba, plagi iwe na fyuzi ya ampea 3 badala ya 13, na kuwe na kikata umeme unaovuja (RCD) cha miliampea 30, maana humo ndani unanyunyiza maji kila siku. Viungo viwe ndani ya kiboksi kilichozibwa. Niliwahi kufungua kiungo kilichosokotwa na kuviringwa tepu tu: shaba ilikuwa imeota unga wa kijani, ukiugusa unapukutika.

Kabla ya kulipa, omba feni iwashwe dukani. Zungusha pangaboi zake kwa kidole ikiwa imezimwa, usikie kama inakwaruza. Ikiwaka, weka karatasi upande wa kuvuta, ikae bila kuanguka. Ukishavuka kutoka Mokowe, gati la bara, na boksi mkononi, kuirudisha ni nauli ya boti mara mbili.