Baiskeli ya mazoezi ya ndani: uzoefu wangu nikiwa Mikindani, na jinsi ya kuiokoa na chumvi

Hii baiskeli ninayo tangu 2023 kwahiyo nikiiongelea naongelea kitu nnachokijua, nimeipanda sana, nimeifungua, nimeipaka mafuta, nimeigombania na watoto. Ni ile ya kukaa wima, mbele ina gurudumu zito la chuma, katikati kuna kirungu unazungusha kuongeza uzito, juu kiskrini kidogo cha betri, haichomekwi kwenye umeme. Hilo la umeme kwangu lilikuwa la kwanza kabisa kwa sababu huku kusini umeme ukikata unakata, na mimi muda wangu wa mazoezi ni usiku, siwezi kusubiri Tanesco ndo nifanye mazoezi.

Kwanini nilinunua. Daktari aliniambia sukari yangu inaanza kupanda na uzito upungue, na magoti yangu kukimbia hayawezi. Duka langu liko Mtwara mjini, nafunga jioni, mpaka nifike Mikindani giza limeshaingia, na kutembea usiku peke yangu pembeni ya ile barabara malori yanapita mimi hapana. Alfajiri napika na watoto wanaenda shule. Jimu ziko mjini huko huko na zenyewe zinataka muda. Nikaona bora kitu kikae ndani, nikitoka kuoga watoto wakilala napanda.

Nilinunua Kariakoo kwa simu, laki nne na nusu, nauli ya mzigo mbali. Ilikuja na lori, kutoka stendi mpaka nyumbani ikapanda guta. Boksi lilikuwa zima ila ndani nati mbili hazipo na karatasi ya maelekezo ya Kichina tupu, muuzaji nampigia anasema hivyo ndivyo zinavyokuja. Hilo lilinikera sana na bado linanikera, mtu anakaa kilomita zaidi ya mia tano kutoka dukani kwako, unampakilia mzigo bila kuhesabu nati? Fungueni boksi jamani kabla halijapanda gari.

Aliyeniokoa ni kijana fundi baiskeli wa mtaani kwetu, na kama na wewe huna mtu wa kukufungia mwite fundi baiskeli, usimwite fundi seremala wala fundi umeme. Alivyoshika pedeli ya kushoto tu akaniambia, "Mama, hii ya kushoto inafungwa kinyume, ukiilazimisha kama ya kulia unaua uzi." Uzi ni ile mifereji ya skrubu. Na kweli, pedeli ya kulia inakaza kwa kuzungusha kulia kama nati ya kawaida, ya kushoto inakaza kwa kuzungusha kushoto, na kila moja ina herufi imechorwa kwenye ncha, L ya kushoto R ya kulia. Akapaka grisi kidogo kwenye uzi, akaanza kuzungusha kwa vidole mpaka ilipogoma ndo akachukua spana. Akasema ikianza kwa spana uzi unapishana na mkono wa pedeli umekwisha. Nati zilizopungua alitoa kwenye kopo lake, akanifungia na vile vimiguu vya chini vya kusawazisha maana sakafu yetu ina mbonyeo, baiskeli ikiyumba kelele yake nyumba nzima inasikia.

Sasa siti. Hapa naomba msome vizuri kwa sababu watu wengi wanasema baiskeli inaumiza magoti na wanaiacha, kumbe siti ndo tatizo. Simama pembeni yake, siti iwe usawa wa mfupa wa nyonga. Halafu panda, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke, alafu ukihamishia ile sehemu pana ya mbele ya unyayo, ambayo ndo ya kukanyagia, goti linakunjika kidogo. Siti ikiwa chini sana maumivu mara nyingi yanakuja mbele ya goti, ikiwa juu sana yanakuja nyuma na kiuno kinakuwa kinacheza kulia kushoto. Mimi nimeweka alama ya rangi ya kucha kwenye tundu langu la bomba la siti maana mume wangu ni mrefu na kila akishuka anaiacha juu. Makalio yatauma wiki za mwanzo, hilo lipo kwa kila mtu, siti zenyewe ni ngumu, nunua kava lenye sponji na usikae muda mrefu mwanzoni.

Halafu tuje kwenye chumvi, hili mtu wa Dodoma hatakuambia. Nyumba yetu haiko mbali na ghuba, upepo wa bahari unaingia ndani saa zote, kutu hapa inakula mpaka bawaba za makabati. Ukichanganya upepo huo na jasho la mwili, ambalo nalo ni chumvi, baiskeli inaanza kuchubuka pale pale jasho linapodondokea, kwangu ilianzia kwenye bolti za usukani na kwenye bomba la siti. Dawa yake ni ndogo lakini ifanywe kila siku: ukishuka tu futa na kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi na kukamuliwa, kisha kikavu, funika na kanga kuukuu (sio nailoni, nailoni inafungia unyevu ndani). Lile bomba la siti lichomolewe mara moja moja lipakwe grisi, lisipochomolewa litagandia humo na hamtalitoa. Cheni ipake mafuta ya cherehani kidogo ufute yanayozidi. Yangu hadi leo gurudumu linang'aa na wageni wanadhani ni mpya.

Kuna kipande kingine kinaitwa pedi, kile kikitambaa kigumu kinachobana gurudumu ukizungusha kirungu. Hicho kinaisha, ni cha kuisha, kikiisha unasikia chuma kinasaga chuma. Cha kwangu kilikwisha 2024, huku Mtwara nilikitafuta sikukipata nikaagiza Dar, ndo ikawa ile Mei ya Kimbunga Hidaya barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, Kilwa, mzigo ukakaa Dar mpaka njia ikafunguka. Tangu hapo nina pedi ya akiba kabatini. Ukiwa na hela zaidi tafuta ya sumaku, ile hakuna kitu kinachogusa gurudumu, sumaku inasogezwa karibu au mbali na uzito unabadilika, haina cha kuisha hapo na iko kimya, na ukipata ya mkanda badala ya cheni kelele zinapungua zaidi.

Mazoezi yenyewe nafanya hivi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani hata nusu saa siku tano inatosha kufika hiyo ya chini. Wastani maana yake unaweza kuongea ila huwezi kuimba, mimi napimia hapo hapo, mwanangu mkubwa ananisimulia mambo ya shule namjibu, nikiona siwezi kumjibu napunguza kirungu. Naanza na uzito mdogo miguu ipate moto, katikati naongeza dakika chache napunguza, mwisho napooza taratibu. Feni ikiwepo naiwasha, usiku wa Desemba hadi Februari joto la huku na unyevu wake ni balaa, maji yawe pembeni na dirisha wazi. Kalori za kwenye skrini msizifuate, haikuulizi hata una kilo ngapi, itajuaje umechoma nini, mimi naangalia dakika tu.

Matokeo: sukari ya asubuhi imeshuka na daktari ameridhika, hilo ndo kubwa kwangu na linanipa furaha kila nikienda kliniki. Misuli ikifanya kazi inatumia sukari iliyopo kwenye damu, kwahiyo kama mtu anachoma insulini au anakunywa dawa za sukari aongee na daktari wake kwanza maana inaweza kushuka kupita kiasi. Uzito umepungua lakini sio kwa baiskeli peke yake, ugali wa muhogo nimepunguza pia, samaki na mboga nimeongeza, ming'oko ya msimu (vile viazi pori vya huku kwetu) sijaacha na sitaacha. Kile kilima cha kwenda Boma, lile jengo la zamani la Wajerumani hapa Mikindani, nlikuwa nasimama njiani kuvuta pumzi, sasa napanda moja kwa moja huku naongea. Magoti hayaumi, uzito wa mwili umekaa kwenye siti na hakuna kile kishindo cha kukimbia. Ila mikono na mgongo baiskeli haivifanyii kazi ya maana, hivyo ndoo za maji bado nazibeba mwenyewe.

Kina mama wenzangu, msipande na dera wala kanga imening'inia, kitambaa kinaingia kwenye pedeli, vaa taiti au suruali. Na watoto: hili gurudumu ukiacha kukanyaga halisimami, linaendelea kuzunguka na pedeli zinaendelea nalo, mtoto akipeleka kidole kwenye cheni ni hatari kweli. Kusimamisha unabonyeza kile kirungu kiende chini, ni breki. Nikimaliza nakaza kirungu mpaka mwisho gurudumu lisizunguke kabisa, na baiskeli iko chumbani kwetu, sio sebuleni.

Nani anunue: mwenye magoti mabovu, mwenye ratiba kama yangu, mwenye presha au sukari aliyeruhusiwa na daktari. Nani asinunue: anayekaa karibu na ufukwe na ana nafasi asubuhi, huyo atembee kwa miguu ni bure na mifupa inafaidika zaidi kuliko ya kukaa kwenye siti. Wifi yangu wa Lindi anataka ya kwake mwezi ujao, anapitia Dar mwenyewe, nimemwambia aipande pale pale dukani kabla hajalipa, ahesabu nati mbele ya muuzaji, na asitoke bila pedi mbili za akiba.