Chez Panisse wa Berkeley: Jiko Lililozaa Majiko

Migahawa mingi husifiwa kwa kile kinachofika mezani. Chez Panisse, ulioko nambari 1517 Shattuck Avenue katika mji wa Berkeley, jimbo la California nchini Marekani, unastahili kupimwa pia kwa kile kinachoingia jikoni mwake kupitia mlango wa uani, na kwa wapishi waliotoka humo kwenda kuwasha moto kwingine. Nikiutathmini kwa mlo mmoja wa jioni, nitauona kuwa mgahawa mzuri miongoni mwa migahawa mingi mizuri ya eneo la Ghuba ya San Francisco. Nikiutathmini kwa namna watu wa eneo hilo wanavyokula leo, wanavyonunua mboga na hata mkate wanaoutia kapuni, sioni mwingine wa kuulinganisha nao.

Alice Waters na marafiki zake waliufungua tarehe 28 Agosti 1971 katika nyumba ya zamani ya kuishi, ndani ya mji ambao miaka saba kabla yake ulikuwa umetikiswa na wanafunzi waliodai uhuru wa kujieleza chuoni. Waters alikuwa na umri wa miaka 27 na hakuwa amesomea upishi. Alichokuwa nacho ni ladha alizozizoea alipokwenda kusoma Ufaransa mwaka 1965, na ukaidi wa kutaka kuzipata tena. Mlo wa kwanza uliuzwa kwa dola 3.95, nao ulikuwa nyama iliyosagwa na kuokwa ndani ya ganda la unga, bata kwa zeituni, saladi, na pai la plamu. Miaka kadhaa ilipita kabla faida haijaonekana. Ninautaja mlo huo kwa sababu haukuwa na chochote kilichotangaza California. Ulikuwa mlo wa Kifaransa uliopikwa mbali sana na Ufaransa, na tatizo lililoujenga mgahawa lilianzia hapo: Waters alijua kuku anapaswa kuwa na ladha gani na jani la saladi linapaswa kuwa laini kiasi gani, lakini wauzaji wa jumla wa wakati ule hawakuwa na bidhaa ya namna hiyo.

Suluhisho lao la mwanzo lilikuwa la kienyeji kabisa. Waters aliotesha majani ya saladi uani kwake kwa mbegu kutoka Ufaransa, na wafanyakazi waliokota matunda na mboga katika bustani za majirani. Baadaye zikaja oda za kudumu, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, kwa sababu sehemu hii husimuliwa kwa haraka na wale wanaovutiwa zaidi na majina ya wapishi mashuhuri. Mkulima mdogo hawezi kuotesha aina ya pichi inayochubuka kwa kuguswa tu, hata kama ndiyo tamu kuliko zote, iwapo mnunuzi wake ni muuzaji wa jumla anayelipia ukubwa unaolingana, rangi moja, na uwezo wa tunda kuvumilia safari ndefu ndani ya lori. Mgahawa unaokubali kulipia ladha, na unaokubali kubadilisha orodha yake ya vyakula kulingana na kile kilichoiva shambani juma hilo, humwondolea mkulima hatari hiyo na kumtwika mpishi. Mpishi ndiye atakayehangaika jioni kutafuta matumizi ya maboga yaliyokuja mengi kupita kiasi. Mkulima naye, akishakuwa na mnunuzi mmoja wa uhakika, anaweza kuotesha ziada na kuwauzia wengine, na kwa njia hiyo migahawa ya jirani hupata bidhaa ambayo peke yake isingeweza kuifanya iwepo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa jibini la maziwa ya mbuzi. Laura Chenel alipoanza kulitengeneza kaunti ya Sonoma mwishoni mwa miaka ya 1970, Wamarekani wengi hawakulijua kabisa, lakini Chez Panisse ulimpa oda ya kudumu na kuliweka jibini lake, lililookwa kwa chembe za mkate, juu ya majani ya saladi. Sahani hiyo iliigwa mno hata leo yapo maelfu ya watu wanaoiagiza bila kujua kwamba ilikuwa na mahali pa kuanzia. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mboga za Bob Cannard, mkulima wa Sonoma aliyepatikana wakati babaye Waters alipotumwa kutafuta shamba litakaloweza kuulisha mgahawa. Mpaka leo husimuliwa jinsi gari lililoleta mboga kutoka kwake lilivyorudi na maganda na mabaki ya jikoni ili yageuzwe mboji. Sibella Kraus, aliyekuwa mpishi katika jiko hili, aliliona hitaji la kuunganisha mashamba na migahawa mingine, na mwaka 1983 akaanzisha mradi wa kufanya kazi hiyo. Juhudi zake zilichangia kuzaliwa kwa soko la wakulima la Ferry Plaza huko San Francisco, lililoanza kukutana kila wiki mwaka 1993. Anayetembea leo kati ya meza za soko hilo, akichagua nyanya kwa jina la aina yake na jina la shamba lake, anatembea ndani ya wazo lililopimwa kwanza jikoni Berkeley.

Tarehe 7 Oktoba 1976 mgahawa uliandaa mlo ambao wanahistoria wa chakula huutaja mara kwa mara. Mpishi mkuu alikuwa Jeremiah Tower, aliyeajiriwa mwaka 1973, na kwa mara ya kwanza orodha iliandikwa kwa Kiingereza, kila chakula kikitajwa pamoja na mahali kilipotoka: chaza wa ghuba ya Tomales, supu ya mahindi mabichi kwa mtindo wa Mendocino, samaki wa Big Sur aliyekaushwa kwa moshi kisha kupikwa kwa mvuke juu ya majani yenye harufu ya mti wa bay wa California, kamba wa ghuba ya Monterey, nyama ya bata bukini wa Sebastopol, jibini la Sonoma, kisha tini, lozi, jozi na mapeasi ya milimani. Bei ilikuwa dola 20. Tangu Tower aondoke mwaka 1978 pamekuwa na mabishano marefu kuhusu nani hasa alianzisha upishi wa California, yeye au Waters, na kila upande una watetezi wake wenye hasira. Nionavyo mimi, ujasiri wa kuiandika orodha ile ulikuwa wa Tower, na tayari alikuwa ameonyesha kwamba ana mkono wa mpishi mkubwa. Hata hivyo, Tower angeweza kuandika vyovyote atakavyo, na orodha ingebaki karatasi tupu kama nyuma yake pasingekuwepo mtu anayekataa, siku baada ya siku, kupokea mboga isiyofaa. Mtu huyo alikuwa Waters.

Namna jiko lilivyopangwa ilikuwa na uzito uleule. Katika majiko makubwa ya mtindo wa Kifaransa mpishi mchanga huwekwa mahali pamoja, akakaanga samaki mwaka mzima bila kuonja mchuzi wa jirani yake. Hapa orodha ya ghorofa ya chini ilibadilika kila usiku, hivyo hapakuwa na mtu aliyeweza kujificha nyuma ya sahani aliyoizoea. Wapishi walionja pamoja, wakajadiliana, na mara nyingi waliajiriwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo cha upishi. Kwa miaka mingi cheo cha mpishi mkuu wa ghorofa hiyo kiligawanywa kati ya watu wawili waliopokezana nusu mwaka kwa nusu mwaka, mpango ambao ni nadra mno katika kazi inayosifika kwa kuwachosha watu. Mwaka 1982 moto uliuteketeza ukuta uliotenganisha jiko na chumba cha kulia, na Waters akaamua usijengwe tena, ili wageni wawaone wanaowapikia. Nauhesabu uamuzi huo kuwa miongoni mwa bora kabisa aliyowahi kuufanya, maana jiko linaloonekana hulazimika kuwa safi, tulivu na lenye adabu.

Waliotoka humo ni wengi kuliko nafasi niliyo nayo. Wa mapema kabisa alikuwa Victoria Wise, mpishi wa kwanza wa mgahawa, ambaye mwaka 1973 alivuka barabara tu na kufungua duka la soseji na nyama za kusindika. Paul Bertolli alikwenda Oliveto huko Oakland na baadaye akawa mtengenezaji wa salami. Peggy Smith, baada ya miaka mingi jikoni humo, alishirikiana na Sue Conley kuanzisha Cowgirl Creamery, kiwanda cha jibini cha Point Reyes. Michael Tusk sasa ana Quince wa San Francisco wenye nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la mwongozo huo wa migahawa, ilhali mgahawa uliomlea uliwahi kuwa na nyota moja na leo hauna hata hiyo.

Wawili nitawakalia zaidi. Steve Sullivan alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeondoa vyombo mezani. Akaanza kuuokea mgahawa mikate, na mwaka 1983 yeye na mkewe wakafungua Acme Bread katika barabara ya San Pablo. Mkate ni chakula cha kila nyumba, cha mwenye nacho na asiye nacho, na kwa sababu hiyo nadhani Acme ulibadilisha mdomo wa eneo lile kuliko mgahawa wowote wenye vitambaa vyeupe. Ganda gumu lililoiva vizuri na uchachu wa unga uliolala viligeuka kuwa vitu ambavyo watu wa kawaida walivitarajia dukani. Judy Rodgers naye alipika Chez Panisse kabla ya kuchukua uongozi wa jiko la Zuni Café huko San Francisco mwaka 1987, ambako aliendelea hadi alipofariki mwaka 2013. Kuku wake, anayetiwa chumvi siku moja au zaidi kabla ya kuokwa kwenye tanuri la kuni na kupakuliwa juu ya saladi ya mkate, ni ushahidi kwamba somo la kuchagua bidhaa njema linaweza kuunganishwa na ufundi mkali wa mikono.

Wakosoaji husema kwamba kumletea mgeni tunda moja lisilopikwa kama kitindamlo ni kununua vizuri, wala si kupika. Sikubaliani nao, kwa kuwa kujua saa ambayo pichi imefikia ukomo wa utamu wake ni ujuzi wa mpishi. Nina lawama nyingine nzito zaidi. Ladha za mgahawa huu zimeegemea Ufaransa na Italia kwa muda mrefu, huku familia za Kimeksiko, Kichina na Kihabeshi za eneo hilohilo zikiwa na elimu yao ya msimu na ya shamba ambayo haikupewa heshima inayolingana. Tena, gharama ya kula hapa imepanda mbali na ile dola 3.95, na wazo la chakula chema kwa wote limebaki kuwa gumu kutimizwa mezani pake. Waters mwenyewe anaonekana kulitambua hilo, kwani mwaka 1995 alianzisha bustani ya kufundishia, Edible Schoolyard, katika shule ya kati ya Martin Luther King mjini humo. Na kuhusu ladha, jibu zuri kuliko yote limetoka kwa wanafunzi: Ramen Shop wa Oakland, uliofunguliwa mwaka 2013 na watu watatu waliopitia Chez Panisse, ulipika tambi za Kijapani kwa mboga za mashamba ya jirani, bila kuiga hata sahani moja ya walikotoka.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, ghorofa ya chini hutoa mlo mmoja uliopangwa kwa wageni wote, na hufaa kwa mtu aliye tayari kumwachia mpishi uamuzi. Mimi ningemshauri apande juu, kwenye sehemu iliyofunguliwa mwaka 1980, ambako huchagua mwenyewe na hulipa kidogo kuliko chini. Aagize saladi ya jibini la mbuzi, chochote kilichotoka kwenye tanuri la kuni, na matunda ya msimu bila kuyadharau. Siku ya pili apite Acme asubuhi mikate ingali na joto, kisha avuke ghuba jioni hadi Zuni. Kuku wa huko ni wa watu wawili na huchukua takribani saa nzima, kwa hiyo amwagize mara tu anapoketi.