Boxer ya Kisumu na gunia lake

Nianze na mwisho ili mwenye haraka asome aende zake: niliinunua ile pikipiki ya Boxer. Nililipa shilingi 68,000, mwenyewe akiwa ameanzia 95,000, kisha nikaongeza kama 14,000 za matengenezo kabla haijaniridhisha. Huu ni mwezi wa saba tangu niwe nayo. Injini sina neno nayo. Kiti ndicho kinachotuletea maneno nyumbani, na nitakifikia.

Mimi ni fundi wa friji na matangi ya kupozea maziwa. Naishi Nakuru, Section 58, na wateja wangu wengi wako upande wa Njoro, Elburgon na Molo. Kwa miaka mitatu nilikuwa nalipa bodaboda, sanduku la vyombo likiwa mapajani na mtungi wa gesi umefungwa nyuma kama mbuzi wa sikukuu. Nilitaka pikipiki ya kawaida kabisa, ile ambayo spea zake unazipata kila kituo. Halafu shemeji yangu anayekaa Nyalenda, Kisumu, akanitumia picha.

Ilikuwa Boxer BM 150, lakini ilibidi aniambie. Nyuma ilikuwa imekatwa, fremu ikaishia pale dereva anapoishia. Kiti kifupi cha ngozi ya kahawia, usukani mfupi ulioinama mbele, taa moja ya duara, rangi nyeusi isiyong'aa, matairi mapana yenye meno. Sailensa ilikuwa imetolewa na mahali pake kuwekwa bomba fupi. Sanduku la chujio la hewa halikuwepo. Kichujio chenye umbo la pia kilikuwa kimevishwa moja kwa moja kwenye kabureta. Sitadanganya, picha ile niliikuza mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye watoto wawili shuleni.

Nikapanda matatu Jumamosi. Muuzaji ni kijana wa Kondele, mpole, haongei sana. Alichosema kwa fahari ni kimoja tu: "Omera, hii imefunguliwa. Si 150 tena, ni cc 180." Nikamuuliza ni nani aliyeifungua. Akasema aliyemuuzia ndiye alimwambia hivyo. Kumbe yeye ni mmiliki wa tatu, na mabadiliko mengi yalifanywa kabla yake. Hapo nilianza kupoa. Boxer ambayo haijaguswa, fundi yeyote kutoka Busia hadi Naivasha anaijua akiwa amefumba macho. Hii ilikuwa inajulikana na mtu mmoja, na mtu huyo hakuwepo.

Jambo la pili, nilipofika saa saba mchana injini ilikuwa moto. Alisema ametoka nayo dukani sasa hivi, na pengine ni kweli. Lakini injini yenye moto huficha mengi: ringi za pistoni zilizochoka, valvu zinazovuja, kuwaka kwa shida asubuhi. Nikamwambia nitarudi kesho saa kumi na mbili unusu, asiiguse. Nikalala kwa shemeji.

Usiku nikapiga hesabu kwenye simu. Pistoni ya Boxer 150 ina kipenyo cha milimita 56 na inasafiri milimita 58.8, ndipo unapopata ujazo wa cc 144.8. Ili ufike 180 bila kubadilisha kranki, yaani ile shafti inayoamua pistoni isafiri umbali gani, unahitaji pistoni ya zaidi ya milimita 62. Sijui kuchonga silinda, lakini nimefungua kompresa za kutosha kujua kwamba chuma hakina mahali pa kutoa milimita sita hivi hivi.

Asubuhi nilifika na fundi niliyemtafuta mwenyewe karibu na soko la Kibuye, asiyejuana na muuzaji. Nilimlipa shilingi 1,000 na nauli, na katika safari yote ile hiyo ndiyo pesa iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Ukienda kutazama pikipiki na fundi uliyetafutiwa na muuzaji, umeenda peke yako.

Injini ikiwa baridi, alipiga kiki taratibu kwa mkono kwanza, akisikiliza tu. Kisha akaiwasha. Ikawaka kiki ya pili, ikatoa moshi mweusi kidogo, ukaisha. "Bluu ndiyo ningeiogopa," akasema. "Bluu ni oili inaungua. Huu mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, hiyo ni kabureta." Akageuza usukani kushoto mpaka mwisho huku injini ikinguruma polepole. Ikapaa yenyewe. Akaturudishia macho bila kusema kitu. Usukani ulibadilishwa, nyaya za mafuta hazikupangwa upya, kwa hiyo ukikata kona kali waya unavutika na pikipiki inaongeza mwendo bila wewe kutaka. Ni kazi ya dakika ishirini kuirekebisha, lakini ingeweza kuniua pale kwa mzunguko siku ya kwanza.

Sehemu ya umeme niliichukua mimi, maana hapo ndipo ninapopatia ugali wangu. Nilipofungua kiti nikakuta nyaya zimesokotana kama ususi uliolaliwa wiki tatu. Rangi hazifuatani, kila kiungo kimefungwa tepu nyeusi iliyoyeyuka. Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nikachomeka mita. Betri ikiwa imetulia ilikuwa volti 12.2, ilhali iliyojaa inatakiwa kukaribia 12.6. Nikawasha, nikaongeza mwendo, taa zote zikiwaka: 12.9. Nikazima zile taa mbili za ziada alizofunga kwenye uma wa mbele: 13.8. Maana yake taa zinakula karibu umeme wote ambao pikipiki inazalisha, na kwenye safari ya usiku betri haipati cha kuijaza.

Fremu ndiyo iliyochukua muda. Fundi alilala chali chini yake na tochi kama dakika kumi. Pale mkia ulipokatwa na kuunganishwa upya, mchomeleo ulikuwa safi, umezunguka bomba lote. Lakini kuna kishikio cha shokabzoba ya kulia kilichochomelewa na mtu mwingine, uvimbe uvimbe kama uji uliomwagikia jiko. Akaomba mafuta ya taa na chaki. Akapaka mafuta, akasubiri, akapangusa vizuri, akasugua chaki ya unga juu yake. Baada ya muda ufa ukajichora wenyewe, mstari mwembamba mweusi wa urefu wa ukucha. Yule kijana alichuchumaa akautazama muda mrefu. Ninaamini hakuujua, yeye mwenyewe alikuwa akiipanda kila siku.

Na hapo ningeondoka. Nilikuwa nimeshampigia shemeji kumwambia tukanywe chai. Ila fundi wangu, akiwa anatazama ule mchomeleo safi wa mkia, akasema, "Hii kazi naijua ni ya nani." Tukaenda, sisi watatu, mpaka kwenye kibanda kimoja pale Kibuye. Mzee mmoja mwenye miwani ya kuchomelea kichwani akaitazama pikipiki jinsi mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyerudi amekonda.

Ndiye aliyeikata. Alieleza bila kuulizwa mara mbili: alitia kipande cha bomba ndani ya fremu kabla ya kuchomelea, ndiyo maana haijalegea. Silinda aliipeleka yeye kuchongwa, ikawekwa pistoni ya saizi 50, yaani nusu milimita tu juu ya ile ya kiwanda. Nilipiga hesabu pale pale: cc 147. Nilimwonyesha kijana simu, akacheka kwa aibu. Kile kishikio chenye ufa, mzee alikikana kabisa, akaonekana kuudhika kuwa mtu anaweza kudhani ni mkono wake.

Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. "Na gunia liko wapi?"

Mwenyewe wa kwanza aliondoka na gunia lenye kila kitu kilichotolewa: sanduku la chujio, sailensa, usukani, kiti, madigadi, jeti za kabureta (vile vitundu vya kupitishia petroli) zikiwa ndani ya chupa ya dawa. Kijana akakumbuka. Alipewa gunia hilo pamoja na pikipiki, nalo liko kwa mama yake Ahero, limewekwa darini, limekaliwa na kuku.

Uamuzi wangu ulibadilika hapo. Bila lile gunia, nilikuwa nanunua ladha ya mtu mwingine, na jambo lisiloniridhisha ningelazimika kulijenga upya kwa pesa. Nikiwa nalo, ninaweza kurudi nyuma hatua moja moja. Nikamwambia 68,000, gunia likiwemo, kwa sababu ya ufa, nyaya na usukani. Alivuta hadi 72,000, nikamwonyesha chaki. Tukakubaliana.

Karatasi hazikutusumbua, ila nisingetoa hata shilingi kabla yake. Nilifanya utafutaji wa nambari kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 550, jina likatoka ni lake. Tukalinganisha nambari ya chasisi iliyogongwa pale shingoni mwa fremu na ya injini. Zote zilifanana na logibuku, hati ya umiliki. Rangi kwenye logibuku ni nyekundu, pikipiki ni nyeusi, na hilo nililirekebisha baadaye. Alianzisha uhamisho akiwa ameketi mbele yangu, nikaukubali kwenye akaunti yangu, ndipo M-Pesa ikatembea. Wakala wa bima nilimweleza mabadiliko yote kabla hajaandika. Sitaki siku ya ajali ndiyo iwe siku ya kueleza.

Ufa ulichomelewa upya na mzee yule yule jioni ile, na waya wa mafuta ukapangwa. Kesho yake nikapitia Ahero kuchukua gunia, mama akanipa na mayai, nikaelekea nyumbani. Ni kama kilomita 180 kupitia Kericho.

Mpaka Awasi nilijiona mfalme. Sauti nzuri, pikipiki nyepesi, watoto wanapunga mikono. Kuanzia mlima wa Kericho ikaanza kukohoa. Kufika Mau Summit ilikuwa inapanda kama mtu mwenye pumu, na nilipotoa plagi ilikuwa nyeusi tititi kwa masizi. Sababu ni rahisi ukiijua. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi juu ya bahari. Nakuru inakaribia 1,850, na Molo inapita 2,400. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyembamba, lakini jeti ya kabureta inaendelea kumwaga petroli ile ile. Injini yoyote ya kabureta hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Hii yangu ilikuwa na jeti kubwa iliyowekwa kufuatana na kile kichujio cha wazi na hewa nzito ya ziwani. Kondele ilikuwa sawa. Molo ilikuwa inazama kwenye petroli yake yenyewe. Nilikuwa nimeijaribu pikipiki kwa kupanda Riat hadi Kiboswa tu, nikadhani nimepanda mlima.

Kwa hiyo gunia likafunguliwa. Jeti ya zamani ikarudi, sailensa ya kiwanda ikarudi, na majirani wakanishukuru kwa midomo yao. Sanduku la hewa nalo nililitaka, kwa sababu vumbi la Njoro kiangazi litamaliza ringi kupitia kile kichujio cha wazi. Hapo nikakuta kwamba mzee wa Kibuye, pamoja na usafi wake wote, alikuwa amekata na kusaga vishikio vyake kwenye fremu. Fundi wa hapa Nakuru alitengeneza vipya kwa 4,500. Nyaya nilizitandika upya mwenyewe Jumapili mbili, fyuzi ya kweli, taa za ziada nikazitoa. Zilizobaki katika ile 14,000 zililiwa na betri na tairi la nyuma, maana lile pana lilikuwa linalamba kifuniko cha cheni kila nikiingia shimo.

Sasa inapanda Molo na vyombo vyangu bila kelele. Petroli imepungua, ingawa sijapima kwa umakini. Usukani mfupi nimeuacha, naupenda, japo baada ya saa mbili viganja vinakufa ganzi. Madigadi ya nyuma nimerudisha baada ya mvua moja tu. Nilifika kwa mteja na mstari wa matope kuanzia kiunoni hadi kisogoni, na yule mama akaniuliza kama nimeanguka.

Rangi na umbo vinavuta watu. Bodaboda wa hapa stejini wananiuliza bei karibu kila wiki. Nikiwaambia ni 150 ya kawaida hawaamini, na mimi siwalazimishi.

Kiti basi. Kinabeba mtu mmoja. Sikukiona kama tatizo, kwa sababu nilikuwa nanunua pikipiki ya kazi, na mtungi wa gesi nimeutengenezea kishikio pembeni. Mama watoto alilitazama jambo hilo kwa namna nyingine. Alizunguka pikipiki mara moja siku nilipofika, akauliza, "Na mimi nakaa wapi?" Nikasema tutaona. Kiti cha zamani kipo kwenye gunia, kizima, ila fremu ya kukibeba ilikatwa, na kuirudisha kunataka kama sentimita ishirini za bomba na mchomeleaji anayejua kutia kipande cha ndani.

Juzi nilirudi kutoka Elburgon nikakuta kile kiti kimetolewa guniani, kimeoshwa kinyesi cha kuku, kimeanikwa barazani. Hakuna aliyesema kitu. Jumamosi naenda kununua bomba.